Hisa za Harambee

Harambee ina ubaya wake. Kila aliyechanga nikaenda kusomea lugha za Asia Kusini sasa ana hisa kwenye ulimi wangu, na hapa Ngoliba hakuna anayesahau alichotoa. Yule aliyeleta jogoo wa kupigwa mnada ndiye mkali kuliko wote.

Likizo hii sijapumzika. Kijana wa boda alinisimamisha stejini, akainua kiti cha Boxer yake na kuchomoa kijitabu kilicholowa oili. Alikuwa amesikia kampuni yenyewe iko Pune, India, kwa hiyo nimsomee. Nikafungua: Kiingereza kitupu! Kijana alinitazama kana kwamba ameona pesa za watu zikisombwa na Mto Athi.

Shosho naye ataka nimfumbulie yale mavyaa wa Kihindi wanayonong'onezana kwenye runinga. Vipindi vyenyewe vimetiwa sauti za Kiingereza.

"Sasa unasomea nini, mjukuu wangu?"

Nasomea kujua kwamba kwa Kihindi chai ni ya kike na maji ni ya kiume, na kitenzi sharti kilifahamu hilo kabla hujameza. Wanaolalamikia ngeli za Kiswahili waje wakae darasani kwetu. Isitoshe, kuna k ya kawaida na k ya pumzi. Unashika kipande cha karatasi mbele ya mdomo, kisipopepea, rudia. Nilipofanyia zoezi hilo nyumbani, mama alinichemshia tangawizi.

Lakini mateso yenyewe yako Thika mjini. Baba alinipeleka hadwea ya Mhindi mmoja ili tupunguziwe mabati. Nilijaribu kumweleza njiani kwamba katiba ya India inataja lugha 22, na kwamba Wahindi wengi wenye maduka nchini mwetu huongea Kigujarati, Kikachi au Kipunjabi nyumbani. Alisema mchango haukubagua.

Basi nikamwaga Kihindi safi, cha mtihani, na adabu zake zote. Mzee wa duka alinisikiliza hadi mwisho, akamgeukia mfanyakazi wake na kumuuliza kwa Kikuyu kijana huyu ametoka wapi. Kikuyu chake kinashinda changu. Serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 mwaka 2017. Kwa Thika, habari hiyo ilifika imechacha.

Baba na mzee wakaulizana hali ya mvua, bei ya mahindi na magoti, punguzo likapatikana. Mimi nilibeba misumari.

Jioni, baba akatangaza stejini kwamba Kihindi changu ndicho kilichofanya kazi. Sasa Jumamosi nina msafara wa kupeleka Thika: wa simiti, wa tangi la maji, na bwana wa jogoo, anayetaka jenereta kwa bei ya jogoo.