Shikamoo, Taa: Mwongozo wa Kumtunza Mzee wa Jukwaani

Taa kongwe ya jukwaani ni mzee, na mzee huamkiwa kabla ya kutumwa. Kwa hiyo usimpandishe kwenye bomba juu ya vichwa vya waigizaji kabla hamjajuliana hali. Chomoa plagi, subiri apoe, mweke mezani palipo na mwanga, kisha muulize maswali matatu: umezaliwa lini, umekaa wapi, na nani alikufungua mara ya mwisho? Hilo la tatu ndilo zito. Taa ya mwaka 1960 iliyofunguliwa mwaka jana na fundi anayejua kazi yake ninaiamini kuliko ya 1995 ambayo hakuna aliyewahi kugusa skrubu zake.

Wazee wa namna hii tunao wengi. Kuna waliorithiwa pamoja na kumbi za enzi ya Mwingereza, na kuna wanaoletwa kwa kontena kama msaada, kwa kuwa kumbi za Ulaya zinahamia kwenye LED. Msaada tunaupokea kwa mikono miwili, lakini tukishaupokea tusome kibati. Kikisema volti 120, mgeni huyu pengine ametoka Marekani, na umeme wetu wa volti 230 au 240 hauwezi. Asichomekwe popote mpaka fundi aliyesomea ahakikishe kwamba holda na nyaya zake zinastahimili, kisha amwekee globu inayolingana.

Sasa mfungue. Tuseme ni Patt 23 ya kampuni ya Strand, taa ndogo ya wati 500 iliyoingia sokoni miaka ya 1950, mwili wake alumini ya kumimina. Mwili huo unaweza kumzika aliyeununua na bado ukang'aa. Kinachozeeka ni vya ndani. Ukikuta waya zimevikwa kitu cheupe au cha kijivu kilichosokotwa kama uzi na kinachochanika kwa kuguswa, simama hapo hapo. Taa nyingi za Uingereza za kabla ya miaka ya 1980 zilitiwa asbesto kwenye nyaya, na pengine kipande chake chini ya holda, kwa sababu asbesto haiungui. Madhara yake yako kwenye vumbi. Linavutwa kwa pumzi leo, na saratani inaweza kujitokeza baada ya miaka ishirini, thelathini au zaidi, mtu akiwa ameshasahau kwamba aliwahi kuwa fundi taa. Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999. Basi usipulize, usipige brashi, usikate kwa koleo, wala usimpe kijana wa mafunzo aisafishe. Ifunge taa nzima katika mifuko miwili ya plastiki minene, iandike kwa herufi kubwa kilichomo, ikae mbali na watu mpaka apatikane mtaalamu wa kuiondoa. Hapo ndipo ninapokosa simile. Mapafu ya kijana huyo hayauzwi dukani.

Asipokuwa na asbesto, tazama nyaya zenyewe. Taa ya wati 1,000 inatoa joto kali, na waya wa kawaida wa PVC, ule unaopimiwa kwa mita kila duka la vifaa vya umeme, haufai ndani yake. Unalainika, unakakamaa, unapasuka, na shaba inabaki wazi karibu na bati. Humo huwekwa waya wenye ganda la silikoni au la nyuzi za kioo. Ukikuta kiungo kilichozungushiwa tepu nyeusi, aliyefanya hivyo alikuwa anaombea onyesho la usiku ule liishe salama. King'oe, weka waya mzima usio na kiungo.

Halafu erthi. Mwili wa taa ni chuma, bomba ni chuma, na mara nyingi ngazi anayopandia fundi ni chuma pia. Waya wa moto ukigusa mwili huo na erthi haipo, hakuna fyuzi itakayokatika. Taa itaendelea kuwaka vizuri kabisa hadi mtu aishike. Nimeona plagi ambazo waya wa erthi umekatwa makusudi kwa sababu "ulikuwa unapiga trip". Ulikuwa unaokoa maisha ya watu. Kumbuka pia kwamba zile plagi za pini tatu za mviringo za ampea 15, zilizozoeleka katika kumbi za Kiingereza, hazina fyuzi ndani. Taa ya wati 1,000 inavuta zaidi kidogo ya ampea 4 tu, kwa hiyo huenda imefungiwa waya mwembamba, nao hitilafu ikitokea unaweza kuungua muda mrefu kabla fyuzi ya ampea 15 ya saketi haijashtuka. Mwite fundi umeme mwenye kipimo cha volti 500. Apime njia ya erthi, kisha apime kama umeme unavuja kwenda kwenye mwili. Asiridhike chini ya megaomu 1. Taa iliyokaa stoo masika yote inaweza kushindwa kwa unyevu tu. Iache siku kadhaa mahali pakavu pa joto, ipimwe tena. Ikishindwa mara ya pili, hairudi kazini.

Kwa sisi wa pwani kuna chumvi. Upepo wa bahari unakula bolti kimyakimya hata ndani ya ukumbi, na nati inayoonekana imeshika inaweza kuwa ni kutu tupu. Badilisha bolti. Kila taa ivishwe waya wa chuma wa usalama unaozunguka bomba na kupita kwenye fremu ya taa, ili klampu ikiachia, taa ining'inie. Kamba ya nailoni itayeyuka kwa joto, na waya wa kufungia nondo haukutengenezwa kubeba mshtuko. Lenzi yenye ufa itolewe leo. Kioo hicho kikipasuka kwa joto, vipande vinaangukia waigizaji.

Globu ya halojeni usiishike kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi yanaharibu kioo chake kinapopata moto.

Umeme uliingia jukwaani kwa jina la usalama, kuukimbia moto wa gesi. Mwaka 1881 Richard D'Oyly Carte alisimama katika ukumbi wa Savoy, London, akavunja globu inayowaka ndani ya kitambaa ili watazamaji waone kwamba hakikuungua. Kwa taa ya wati 1,000 mchezo huo usijaribiwe. Tarehe 30 Desemba 1903, ukumbi wa Iroquois huko Chicago ulikuwa na wiki chache tu tangu ufunguliwe na ulitangazwa kuwa hauwezi kuungua. Cheche za taa ya jukwaani zilishika pazia, pazia la kuzuia moto likakwama njiani, na watu 602 wakafa. Kila kitu mle kilikuwa kipya. Ndiyo maana sikubali umri peke yake upewe lawama. Nasi tuna kumbi za makuti, na mapazia ya kanga na kaniki yanayoning'inia karibu na taa. Kibati cha taa kikitaja umbali, ufuate. Kisipotaja, mimi huanzia mita moja na nusu, kisha naangalia upepo wa feni unapeleka pazia wapi.

Mzee aliyeshindwa kipimo astaafishwe kikweli. Usimweke stoo na waya wake, kwa maana siku ya onyesho mtu atapungukiwa taa moja na atamfuata huko huko. Kata plagi, toa nyaya. Akibaki mtupu anaweza kupamba sebule ya ukumbi kwa heshima zote. LED inayomrithi haitakuchoma vile, lakini nayo inataka erthi na waya wake wa usalama, na nyingine ni nzito kuliko mzee aliyeondoka.

Saa mbili kabla ya pazia kufunguliwa mwongozaji atakuja kulalamika kwamba kona ya kushoto ina giza. Mwambie asogeze mwigizaji.