Jinsi ya Kula Sushi Peke Yako Tokyo Bila Kumwomba Mtu Radhi

Kwanza kabisa, acha kutafuta mwenzako wa kwenda naye. Kwetu mtu anayekula peke yake hudhaniwa mchoyo, au katoka kugombana nyumbani, na mpita njia akikukuta na sahani lazima umkaribishe. Mila nzuri, nami nikiwa nyumbani naishika. Lakini Ginza, kwenye duka la sushi lenye viti kumi hivi vilivyopangwa mbele ya ubao wa mpishi, mwenzako ni mzigo. Atakusemesha wakati kipande kimeshawekwa mbele yako, na kipande hakisubiri hadithi iishe.

Weka nafasi mapema. Kama Kijapani hukijui, waombe watu wa mapokezi hotelini wakupigie simu. Nafasi ya mtu mmoja hupatikana hata pale ambapo ya wawili imekosekana. Bei ya usiku ikikupa kizunguzungu, maana yen 30,000 na zaidi ni kawaida, uliza ya mchana. Mara nyingi hushuka sana.

Siku yenyewe usijipulizie manukato wala usijifukize udi. Watu wa pwani hili litatuuma, lakini jirani yako amelipa naye asikie harufu ya wali na siki. Na ufike kwa wakati. Saa mbili ni saa mbili.

Ukishakaa utapewa kitaulo cha moto. Futa mikono, uso uache. Menyu usiulizie, kwa sababu katika omakase anayeamua ni mpishi. Kazi yako ni kumtazama mikono: anachota wali wenye uvuguvugu wa mwili, anapaka wasabi kwa ncha ya kidole, analaza samaki, anabana mara chache, anaweka. Kile mara moja, tena kwa mkono. Hapo sisi tuliokulia kwenye sinia la pilau hatuhitaji somo. Kama mpishi ameshapaka sosi ya soya, usiongeze. Kama hajapaka, chovya upande wa samaki, maana wali ukilowa unasambaratika. Tangawizi ni ya kusafisha kinywa kati ya kipande na kipande. Usiipandishe juu ya samaki.

Jodari mnono wa tumboni, otoro, ndiye anayepigwa picha na kila mgeni, na ni mtamu kweli, japo zamani watu wa Edo walimdharau. Mimi nakusihi umsubiri kohada. Ni samaki mdogo, ngozi yake ya fedha ina vidoa vyeusi, na huwekwa chumvi kisha siki. Muda wa kumwacha humo hubadilika kwa ukubwa wake na mafuta yake. Ukizidi anakuwa mkali, ukipungua anabaki na shombo. Wajuzi humpima mpishi kwa samaki huyu. Tena ndiye anayekueleza chakula hiki kilikotoka: mwanzoni mwa karne ya 19, Tokyo ingali ikiitwa Edo, sushi ya namna hii iliuzwa vibandani barabarani kama mishikaki ya Forodhani, barafu hakuna, na chumvi na siki ndivyo vilivyomlinda mlaji.

Ukihisi watu wanakutazama kwa upweke wako, kaa wima na uendelee kutafuna polepole. Wakaguzi wa Michelin huingia bila kujitambulisha na hulipa bili yao kama mteja yeyote. Mtu mmoja anayekula kwa makini, simu ikiwa mfukoni, huenda ni mmoja wao, na hakuna mpishi atakayemdharau.

Mwishoni utaulizwa kama kuna kipande unachotaka kuongezewa. Usione haya, taja unachokitaka. Kisha lipa bili, bakshishi usiache, kwani Japani hawana desturi hiyo na mhudumu anaweza kukufuata hadi barabarani kukurudishia. Mwambie mpishi Gochisosama, yaani asante kwa chakula, umwinamie kidogo, umpishe anayefuata.