Sukuma Wiki ya Chupa

Tangu Nakuru ivikwe joho la jiji mwaka 2021, hata mboga zimepandishwa cheo. Mheshimiwa analipita Soko la Wakulima, vioo juu asisumbuliwe na harufu ya managu, akaulize vidonge vya vitamini K duka la dawa. Mwanamume mzima hutosheka na mikrogramu 120 hivi kwa siku. Sahani moja ya sukuma wiki yavuka hapo na chenji inabaki. Ikaangwe kwa mafuta lakini, maana bila mafuta vitamini hii haifyonzwi vizuri. (Anayemeza warfarin amuulize daktari kwanza.) Mwenye kuhitaji nyongeza hasa ni mtoto mchanga: hudungwa miligramu 1 akizaliwa asije akavuja damu, kwani maziwa ya mama yana kiasi kidogo mno. Mheshimiwa aliacha kunyonya zamani, isipokuwa kodi zetu.