Jinsi ya Kufungua Habu ya Gia Tatu na Kubakiwa na Springi Mbili

Kwanza, usiifungue. Weka gia ya pili, kisha chungulia kwenye tundu la nati ya upande wa cheni. Utaona kijiti chembamba kilichoungwa na kile kicheni kidogo cha gia. Ncha yake inatakiwa iwe sawasawa na mwisho wa ekseli. Ikizidi au ikipungua, kaza au legeza waya. Halafu fungua kile kifuniko kidogo mgongoni mwa habu, utie matone machache ya oili. Dakika tano, na gia iliyokuwa ikiteleza tangu Krismasi imepona.

Shida ya tiba hii ni kwamba haina heshima. Hakuna jirani aliyewahi kumwita mtu fundi kwa kumwona ameshika kopo la oili. Basi tufungue.

Futa matope usome maandishi. Sturmey-Archer wa Nottingham, Uingereza, walikuwa na desturi nzuri ya kuchapa aina na mwaka juu ya habu zao. Hii yangu niliirithi kwa marehemu babu, mwalimu aliyepanda nayo kilima cha Langas asubuhi na jioni, na imeandikwa AW 64. AW ni aina iliyoanza kutengenezwa 1936, na haikubadilika sana miaka iliyofuata. 64 ni mwaka 1964. Hapa Eldoret, maelezo hayo hayatapita. Mji wenyewe ulianzia kwenye posta iliyofunguliwa 1910 katika Shamba Namba 64, na hata baada ya kupewa hadhi ya jiji Agosti 2024, wako wanaouita Sisibo, yaani "sixty-four", mpaka leo. Kwa hiyo kila apitaye atakuambia kwamba habu hiyo ilitengenezwa hapa hapa. Usibishane naye. Utamhitaji baadaye kutafuta gololi kwenye nyasi.

Mahali pa kazi pawe safi, penye mwanga, pasipo na kuku. Mimi nilipata mwanga.

Ondoa gurudumu, fungua koni ya kushoto, kisha geukia upande wa cheni. Kuna pete kubwa iliyokazwa kwenye ganda la habu. Igonge kwa tindo na nyundo kinyume cha saa mpaka ilegee. Lakini kabla ya kugonga, piga alama kwenye pete na kwenye ganda, kwa sababu nyuzi zake zina mianzo miwili, na ukiirudisha kwa mwanzo usio wake, rimu inaweza kwenda upande. Nilitumia chaki, kwa kumuenzi babu. Kisha nikaosha kila kitu kwa mafuta ya taa, chaki ikiwemo.

Sasa mtambo mzima unatoka mkononi kama kiini cha yai, na hapa naomba usimame kidogo uangalie. Ni boma. Katikati kuna mzee mwenye meno 20, amechongwa kwenye ekseli yenyewe na hasogei kwa lolote. Wajukuu wanne, kila mmoja na meno yake 20, wanamzunguka. Wote wamezingirwa na ua wenye meno 60 upande wa ndani. Ukiingiza nguvu kupitia wajukuu, ua unakwenda mizunguko 4 kwa kila 3 ya sproketi ya cheni: hiyo ni gia ya tatu. Ukiingiza kupitia ua na kutolea kwa wajukuu, unapata 3 kwa kila 4, nayo ni ya kwanza, ya kilimani. Ya pili ni moja kwa moja: nguvu inaingia kwenye ua na kutokea kwenye ua huo huo. Hakuna cheni inayohama, wala tope linaloingia.

Ukimaliza kustaajabu, fanya kosa linalofuata: ondoa kifuniko cha vumbi kwenye ile pete. Gololi ni 24. Hesabu zikiwa bado ndani, maana zikishatoka hakuna atakayekubali hesabu yako.

Halafu kuna kucha. Ziko nne, mbili upande huu na mbili ule, na kila moja inasukumwa na springi nyembamba kama unywele. Kazi yake ni kung'ata ganda ili gurudumu lifuate. Mafundi wawili wa jua kali walinishauri nizipake grisi. Wa tatu, mtu wa ng'ombe, akaleta mafuta ya kukamulia, akasema kama yanafaa chuchu yatafaa chuma. Nilizipaka. Asubuhi ya Julai, kwa baridi ya mita 2,100 juu ya bahari, mafuta yale yaliganda, kucha zikalala, nikakanyaga pedali kama anayecheza dansi huku baiskeli imesimama. Oili nyepesi tu, jamani.

Kurudisha ni kinyume cha kufungua. Ndivyo waandikavyo watu ambao hawajawahi kurudisha. La kushika ni moja: koni ya kulia ikaze kwa vidole, irudishe nusu mzunguko, ifunge na nati, usiiguse tena. Ulegevu wa gurudumu urekebishe kwa koni ya kushoto pekee.

Jaribu baiskeli mahali tambarare. Ujue kwamba kati ya gia ya pili na ya tatu pana pengo lisilo na gia yoyote. Ukisimama kwenye pedali hapo, mguu unashuka bure na ile paipu ya juu ya fremu inakupokea isivyo heshima. Hilo ni umbile lake, si kosa lako.

Mimi sikungoja tambarare. Nilishuka moja kwa moja hadi mto Sosiani, nikaanza kupanda upande wa pili. Vijana wa bodaboda kwenye steji wakanitazama nikihema.

"Mwalimu, si ulisema hiyo ni ya gia tatu?"

"Ni tatu."

"Mbona hushushi?"

"Zimebaki mbili."

"Na ile nyingine?"

"Iko nyumbani, kwenye kopo la Blue Band."