Mbona Baiskeli Yangu Haimo?

Kuchora picha moja ya wino kila siku, Oktoba nzima, ni kazi nyepesi kwa mtu anayeishi peke yake. Kijijini ni siasa.

Zoezi lenyewe limetoka Marekani. Mwaka 2009 mchoraji Jake Parker alijiwekea sharti la kuchora kwa wino kila siku ya mwezi huo ili anoe mkono wake. Wenzake wakalidaka, likaitwa Inktober, na baadaye ikawa kila mwaka inatoka orodha ya maneno 31, neno moja kwa siku. Mimi nimelipokea hapa kata ya Ulaya, wilayani Kilosa, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye miaka yote nimechora moyo wa binadamu kwenye bango kitita kwa makapeni. Michoro ya darasani ina ugonjwa mmoja: kila kitu kinakaa katikati. Moyo katikati, mshale kushoto, mshale kulia, kipindi kimekwisha. Nilitaka nijifunze kupangilia picha kama watu.

Kanuni zake si nyingi. Gawa karatasi mafungu matatu kwa wima na matatu kwa ulalo, kisha kitu chako kikuu kikae pale mistari inapokutana. Acha nafasi tupu, jicho lipumzike. Na kubwa kuliko zote: ondoa kila kisichohitajika. Penseli inakuruhusu kuchora kila kitu ukafuta baadaye, lakini wino haujui kifutio. Cha kuacha unakiamua kabla hujagusa karatasi.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanzia, maana huku ukimwacha mtu, umemtenga.

Nilianza na mbuyu. Mzee mmoja alikuwa amekaa chini yake, nikamchora na yeye. Nilipomwonyesha aliishika karatasi mbali na macho, akaitazama vizuri.

"Mbuyu umeupata, mwalimu. Mimi pia umenipata. Mbona baiskeli yangu haimo?"

Baiskeli ilikuwa imeegemezwa kwenye shina. Nikamweleza kwamba ningeiweka ingevuta jicho pembeni, na mimi nilitaka jicho lipande kwenye matawi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote.

"Sawa, mwanangu. Lakini mtu akiniona hapo, baiskeli haipo, si atajua nimeiuza?"

Kufika jioni, watu walikuwa wanamuuliza ameiuza bei gani.

Kesho yake nikahamia kwa mama wa vitumbua. Nilimweka chini kabisa, kona ya kulia, amechuchumaa mbele ya kikaango chake chenye mashimo saba, na moshi ukipanda kwa mshazari kuelekea kona ya juu kushoto. Kwingine kote nikaacha peupe. Kwa mujibu wa vitabu ilikuwa picha safi. Mama akaichungulia huku mkono wake ukiendelea na kazi: kijiti cha chuma kinaingia pembeni mwa shimo, kinazungushwa kidogo, kitumbua kinapinduka kikiwa kimeiva rangi ya udongo, kijiti kinahamia shimo linalofuata. Wala hakitazami.

"Hii karatasi ulinunua nzima?"

"Nzima, mama."

"Mbona umetumia robo?"

Nikaanza somo langu la nafasi tupu. Akaniacha niseme, kisha akasema, "Mimi nikikuletea sahani ina kitumbua kimoja pembeni, nikakwambia hapo pengine ni pa jicho kupumzikia, utanilipa?"

Wino nao ulikuwa na mambo yake. Niliufuata Morogoro mjini, chupa ndogo nyeusi, nikaiweka dirishani. Mpwa wangu akaiona, akaona na viatu vyake vya shule vilivyopauka kwa vumbi la Oktoba, akaunganisha mambo. Lazima niseme viling'aa. Vilipita ukaguzi wa asubuhi, vikasifiwa mstarini. Saa nne watoto wakaenda kuchota maji bombani. Mtoto alirudi nyumbani na soksi za kijivu, miguu ya rangi hiyohiyo, na chupa ilikuwa imebaki nusu. Ikabidi nichore kwa mistari michache kuliko nilivyokusudia, jambo ambalo vitabu vinalisifu sana.

Orodha niliyoifuata ni ya mwaka 2019. Tarehe 11 neno ni theluji. Oktoba ya Kilosa mvua za vuli bado ni tetesi, upepo unabeba vumbi, na joto linawafukuza mbuzi barabarani. Nikachora kilele cha Kilimanjaro: mstari mmoja wa wino, na karatasi yote iliyobaki ikawa theluji. Hakuna picha niliyoipangilia vizuri kuliko ile. Mwalimu mwenzangu aliichukua, akaitazama, akaigeuza upande wa pili kutafuta picha yenyewe iko wapi.

Tarehe 22 neno ni mzimu. Nilimchora usiku, amesimama gizani, mwembamba, kofia imeinama kidogo upande mmoja. Wino mweusi unafaa sana kwa giza. Tatizo ni kwamba mzimu ulitoka unafanana na mzee fulani, na mzee fulani bado yu hai. Alikuja na mwenyekiti wa kitongoji. Hakugomba. Alitaka tu kujua kama kuna habari yoyote nimeipata ambayo yeye hajaambiwa.

Nikajifariji kwa wakubwa wa fani. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alihamia Nairobi mwaka 1992 akawa mchora katuni wa gazeti la Nation kwa zaidi ya miaka 20. Watu wa namna yake hulifanya zoezi hili mwaka mzima, nao huliita kazi. Tofauti yetu ni kwamba wakubwa anaowachora hukasirika kwa kuwa wamo kwenye picha. Wangu wanakasirika kwa kuwa hawamo. Tena kuna Edward Saidi Tingatinga. Yeye mwenyewe, kabla ya kufariki mwaka 1972, mara nyingi alimweka mnyama mmoja mkubwa juu ya rangi moja tulivu. Ni waliomfuata waliokuja kujaza ndege, maua, samaki na twiga mpaka kwenye ukingo wa ubao. Wataalamu wana maelezo yao kuhusu soko na watalii. Mimi nadhani walikuwa na majirani.

Nikaona bora nikachore wasionijua. Nilikwenda Mikumi, nikapanda basi la Morogoro, maana barabara kuu inakatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa kilomita zipatazo 50. Kando yake kuna mabango yanayokutajia faini ya kila mnyama utakayemgonga, na dereva wetu alikuwa ameyasoma. Hata hivyo basi ni basi. Tembo walipotokea nilikuwa bado nafungua kifuniko cha kalamu, nao walikuwa wameshageuka kurudi porini. Nilichoambulia ni makalio matatu na mikia.

Ajabu ni kwamba basi zima liliipenda. Abiria wa nyuma yangu akasema huyu ni yule dume tuliyemwona wa kwanza. Dada mmoja akakataa: huyo ni yule jike mwenye mtoto. Kondakta akasema wote hawajui, yeye anapita hapa kila siku, tembo huyo anamfahamu. Kila mmoja alimpata tembo wake, na mimi sikuwa nimechora uso hata mmoja.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja bombani. Foleni ilikuwa ndefu, ndoo zimepangwa, watu wamejaa. Nikachora migongo mitano tu, kwenye theluthi ya chini, yote imeelekea bomba. Mbele yao nikaacha peupe kama vitabu vinavyoagiza, kisha nikaibandika picha kwenye mlango wa duka.

Safari hii hakuna aliyeuliza yuko wapi. Mama wa vitumbua alijiona wa kwanza kwa jinsi kitenge kilivyofungwa. Mzee wa mbuyu akajiona wa mwisho, na baiskeli, akasema, iko upande wa pili wa bomba, ndiyo maana haionekani. Watu wasiopungua ishirini wameingia kwenye migongo ile mitano, wakatosha, na bado kuna nafasi tupu.

Mgongo wa nne ndio bado una kesi. Wanaume watatu wanaugombea, kila mmoja anadai ni wake. Wa nne anaapa kwamba siku hiyo alikuwa Kilosa mjini kwa shughuli zake, lakini mkewe amekwisha kuutambua, na anataka kujua mgongo wa tatu, aliousogelea hivyo, ni wa nani.