Shangazi na Maziwa ya Vifaru

Shangazi yangu wa Runyenjes hajawahi kuona ardhi asiulize inalisha ng'ombe wangapi. Kwa hiyo matatu ilipokuwa ikikata kona za Nkubu, nilimpa habari za hifadhi ya wanyamapori ya Lewa: kwamba ilikuwa shamba la ng'ombe la ukoo wa Craig tangu 1922. Akakipakata kiondo chake cha nduma, akatega sikio. Nilipofika 1983, ekari 5,000 zilipotengwa kwa ajili ya vifaru, akanikatiza.

"Na hao vifaru wanatoa lita ngapi?"

Nikamwambia wanaokamuliwa ni watalii. Hapo akaelewa mara moja.

Upande wa Timau barabara kuu inapita juu ya njia ya ndovu. Wamejengewa daraja wapite chini kwa chini, watoke Mlima Kenya hadi msitu wa Ngare Ndare na Lewa bila kuvuruga mahindi ya mtu. Shangazi akaguna. "Ndovu ana daraja, na sisi tunavuka lami mbio kama digidigi."

Msitu wa Ngare Ndare, ambao pamoja na Lewa uliingizwa mwaka 2013 katika urithi wa dunia wa Mlima Kenya, una mierezi mizee sana. Shangazi aliipigia hesabu ya nguzo za ua, kimyakimya, midomo ikicheza. Juu ya miti hiyo kuna njia ya kutembea, takribani mita 450 za nyaya na wavu, na inayumba. Askari wa msitu akatuasa tushike kwa mikono miwili. Shangazi alishika kwa mmoja. Wa pili ulikuwa ukimpiga picha mbega. Simu ikaponyoka, ikaruka wavu, pu!

"Ipigie," akaniamuru.

Nikaipigia. Huko chini kwaya ya kanisa lake ikapaza sauti, na kando yake kichaka kikainua kichwa. Kichaka kilikuwa na pembe.

"Kata!" askari akanong'ona.

"Asikate. Ubeti wa pili ndio mtamu."

Nyati akausikiliza ubeti wa pili wote, akakojoa, akaondoka bila haraka. Askari aliposhuka hatimaye na kurudi, aliishika simu kwa vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na mwili. Shangazi akaipangusa kwa leso, akakuta kijana wake wa zizini alikuwa amempigia. Akampigia papo hapo, njia ya nyaya ikiyumba.

"Umekamua? ... Niko Meru. ... La, wa huku hawana maziwa. Lakini hela wanatoa."