Dawa ya Mnyoo

Wareno wana neno bicho: mnyama yeyote, hasa yule mdogo asiyetafutiwa jina lake mwenyewe. Mdudu, funza, mnyoo. Zamani kule Ureno, aliyegonga kipimo cha pombe kali kabla ya kula chochote asubuhi hakuwa mlevi, hasha! Alikuwa mgonjwa anayejitibu. Anaua mnyoo tumboni. Mata-bicho.

Neno likapanda merikebu. Angola na Msumbiji likaokoka, likawa kifungua kinywa: mkate, chai, na yai likipatikana. Kongo likapata cheo. Huko matabishi ni bakshishi, na mara nyingi ni ile noti inayosafiri imekunjwa ndani ya pasipoti. Afisa anakagua karatasi zako, anazikuta zimekamilika, anasikitika. "Papa, na matabishi yangu?"

Watanzania msicheke, nyinyi mnaiita chai, na jirani zenu Wakenya kitu kidogo, kana kwamba kiliwahi kuwa kidogo. Mkongo angalau amekiri kwamba mle tumboni mwa mkubwa yumo mdudu. Tatizo ni dawa yenyewe: tangu enzi za Mbelgiji anamezeshwa dozi baada ya dozi, naye anazidi kunenepa.